Habari Yenye Saa na Mwenyewe



Aliyepata kuishi kambini anajua jinsi uvumi unavyosafiri. Huanzia jikoni, hupita lindoni, na kabla jua halijatua umekwisha kufika katika nyumba za familia ukiwa umeongezewa mambo matatu yasiyokuwamo. Siku hizi uvumi umepata chombo chepesi zaidi, nacho ni simu ya mkononi. Ujumbe huingia ukidai kwamba kikosi fulani kimeshambuliwa mpakani, au kwamba barabara fulani imezibwa na waandamanaji, na anayeusoma hawezi kujibu maswali mawili ambayo koplo wa zamu angeyauliza papo hapo: ni nani aliyesema, na alisema saa ngapi? Raia akiuamini ujumbe wa namna hiyo, huenda akafunga duka lake mapema. Askari akiuamini, yeye ana bunduki begani.

Maelezo yetu ya leo yanahusu chombo kilichobuniwa mwaka 1999 ili mtu aweze kufuata habari zinazobadilika kila saa, akizipata kutoka kwa yule hasa aliyezitangaza, kila moja ikiwa na saa yake na anwani yake. Kwa Kiswahili chombo hicho huitwa mlisho. Hakikubuniwa na jeshi wala kwa ajili ya jeshi, na miaka yake ya kwanza ilijaa ugomvi usiokuwa na faida. Hata hivyo kipo hadi leo, na kinafanya kazi mahali pengi kuliko watu wanavyodhani.

Haja yenyewe ni ya zamani sana. Mwaka 1846, Marekani ilipokuwa vitani na Mexico, magazeti kadhaa ya New York yaliona hayana sababu ya kila moja kugharimia wajumbe wake, yakaungana ili kupata habari za vita kwa pamoja. Hiyo ndiyo asili ya shirika la Associated Press. Miaka minne baadaye, Paul Julius Reuter alitambua kwamba waya wa telegrafu utokao Berlin uliishia Aachen, na ule utokao Paris uliishia Brussels, na kati ya miji hiyo miwili hapakuwa na waya wowote. Akaliziba pengo hilo kwa njiwa. Njiwa waliruka kwa saa mbili hivi safari ambayo garimoshi liliifanya kwa saa sita au zaidi, na wafanyabiashara wa hisa wakawa tayari kulipia zile saa nne. Mwaka uliofuata, 1851, Reuter alifungua ofisi yake London.

Mashirika hayo na mengineyo ndiyo yaliyozilisha redio zetu tangu zilipoanzishwa. Katika chumba cha habari mashine za teleprinta ziligonga mchana na usiku, na habari nzito ilipoingia kengele ya mashine ililia mara kadhaa kumwita mhariri. Kila karatasi iliyotoka ilikuwa na jina la shirika, tarehe na saa. Lakini karatasi hiyo haikumfikia msikilizaji. Yeye alipata kile tu kilichosomwa na mtangazaji. Tarehe 25 Januari 1971, hapa kwetu Uganda, wananchi walipata kujua kwamba serikali imepinduliwa kwa kusikia sauti ya askari aliyesoma tangazo katika Radio Uganda. Mwenye studio siku ile ndiye aliyekuwa mwenye habari, na hapakuwa na mahali pengi pa kwenda kuzihakikisha.

Mataifa makubwa hayakukubali kungoja kupewa. Mwezi Agosti 1939, siku chache kabla ya Vita Vikuu vya Pili kuanza, B.B.C. ilianza kazi ya kuzisikiliza redio za nchi za nje kutoka jumba la Wood Norton, karibu na Evesham. Mwaka 1943 kazi hiyo ikahamia Caversham, na kwa upande wetu wa Afrika ikaja kuwa na ofisi Nairobi. Watumishi walivaa visikilizio masikioni, wakaandika matangazo ya kila kituo pamoja na saa yaliposikika. Ilikuwa kazi ya mamia ya watu. Ndugu msikilizaji, naomba ushike jambo hilo: ili kupata orodha ya nani amesema nini na saa ngapi, dola tajiri ililazimika kuajiri jeshi dogo la wasikilizaji.

Basi ikaja intaneti. Tim Berners-Lee aliwasilisha pendekezo lake la mfumo wa tovuti mwaka 1989 katika maabara ya CERN, Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 maabara hiyo ikatangaza kwamba mfumo huo ni huru kwa watu wote. Magazeti yakaanza kujichapisha humo. Furaha ilikuwa kubwa, lakini baada ya muda ikaonekana kasoro moja. Habari zilikaa kwenye tovuti zikimngoja msomaji, naye hakuwa na njia ya kujua kama kuna jipya ila kwa kwenda kutazama. Mwenye kufuata magazeti 20 alilazimika kuyazungukia yote, kama askari wa doria anayezungukia maduka yaleyale usiku kucha akitikisa kila kufuli, ilhali 19 kati ya hayo hayakuwa na kitu kipya.

Jaribio la kwanza la kuponya kasoro hiyo lilikuwa la fujo. Mwaka 1996 kampuni ya Marekani iitwayo PointCast ilitoa programu iliyoleta habari na matangazo ya biashara moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta wakati mwenyewe amepumzika. Ilipendwa mno, na mwaka 1997 wenye kampuni waliahidiwa dola milioni 450 wauze, lakini biashara hiyo haikukamilika. Lakini programu hiyo ilikuwa mlafi. Kila kompyuta ya ofisini ilivuta habari zilezile kwa wakati wake, njia za mawasiliano za makampuni zikasongwa, na mameneja wengi wakaipiga marufuku. Mwaka 1999 PointCast iliuzwa kwa dola milioni 7 hivi. Kwa maoni yangu kosa lake halikuwa ulafi peke yake: ilimletea mtu kile ambacho kampuni ilikuwa imekipanga, si kile ambacho mtu huyo alikuwa amekichagua.

Mwezi Machi 1999 kampuni ya Netscape, iliyokuwa na kivinjari maarufu siku zile, ilikuja na wazo dogo zaidi. Ilikuwa na ukurasa ambao kila mtu aliweza kujipangia, ikataka kuziwezesha tovuti nyingine kuleta vichwa vyao vya habari katika ukurasa huo. Dan Libby na Ramanathan Guha wakatunga kanuni ya kuandika vichwa hivyo ili kompyuta yoyote iweze kuvisoma. Kanuni hiyo ikaitwa R.S.S.

Ni vema tueleze jinsi inavyofanya kazi, maana ni rahisi na askari wa mawasiliano wataielewa upesi. Mwenye tovuti huweka, pamoja na kurasa zake za kawaida, faili moja fupi la maandishi. Ndani ya faili hilo kila habari ina kichwa, maelezo mafupi, anwani ya habari kamili, na kwa kawaida tarehe na saa iliyotolewa, pamoja na alama ya pekee isiyorudiwa na habari nyingine. Habari mpya ikitolewa, huongezwa katika faili na ya zamani huondoka. Afisa wa polisi ataliona faili hilo kuwa ndugu wa kile kitabu cha kituo ambamo kila tukio huandikwa kwa namba na saa. Msomaji kwa upande wake ana programu ya kusomea milisho, ambayo ameipa orodha ya mafaili anayoyataka. Programu hiyo huenda kuyatazama kila baada ya muda, tuseme nusu saa, na kuuliza: je, kuna kilichobadilika tangu nilipokuja mara ya mwisho? Pasipo badiliko, tovuti hujibu kwa namba 304, maana yake hakuna jipya, na mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna kinachobebwa bure. Ile doria ya kutikisa makufuli inafanywa na mashine, na msomaji huona tu mlango uliofunguka.

Ukiangalia kwa makini utaona kwamba hapa hakuna anayemsukumia mtu habari. Orodha ni ya msomaji. Yeye ndiye aliyeiandika, naye aweza kuifuta. Mwenye tovuti hahitaji hata kujua jina lake wala namba yake ya simu.

Wazo zuri namna hiyo lingestahili kulelewa kwa utulivu, lakini haikuwa hivyo. Netscape ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni ya A.O.L., na mabwana wapya hawakuwa na haja na mlisho; kufikia mwaka 2001 wakautupa. Yatima huyo akagombewa na makundi mawili. Kundi moja lilitaka kanuni yenye elimu nyingi ndani yake, nalo lilitoa toleo lake Desemba 2000. Miongoni mwa waliolitunga alikuwamo Aaron Swartz, kijana wa miaka 14. Kundi la pili lilimfuata Dave Winer, mtunga programu aliyeshikilia kwamba kanuni ikiwa ngumu hakuna atakayeitumia, na mwezi huohuo naye akatoa toleo lake. Kila kundi liliita kazi yake R.S.S. Hata maana ya herufi hizo tatu ilibadilishwa: kwanza zilihusu muhtasari wa tovuti, kisha muhtasari uliotajirishwa, na mwishowe, katika toleo la Winer la Septemba 2002, zikawa na maana ya usambazaji rahisi kwelikweli. Wengine walichoshwa na magomvi hayo, wakaanza upya mwaka 2003 na kutunga kanuni ya tatu iitwayo Atom, iliyothibitishwa Desemba 2005 katika waraka namba 4287 wa wahandisi wa intaneti. Wasikilizaji wangu waliowahi kuona mashina mawili ya redio za kijeshi yasiyoweza kusikizana wanajua hatari ya mambo kama haya. Kilichouokoa mlisho ni kwamba watunga programu za kusomea waliamua kutoshiriki vita hivyo: programu zao zilisoma matoleo yote, na msomaji hakujua kama ugomvi ulikuwapo.

Mwezi Novemba 2002 gazeti la New York Times lilianza kutoa milisho, na baada ya hapo magazeti na redio nyingi duniani zikafuata. Alama ya mraba wa rangi ya machungwa wenye mistari ya mawimbi, iliyotokea kwanza katika kivinjari cha Firefox, ilikubaliwa na Microsoft mwishoni mwa mwaka 2005, ikawa bendera ya pamoja. Katika toleo lake la Desemba 2000 Winer alikuwa amekwisha kuongeza nafasi ya kubebea sauti ndani ya mlisho. Jambo hilo lilionekana dogo, lakini ndilo lililozaa podikasti, ambazo kampuni ya Apple iliziingiza katika programu yake ya muziki Juni 2005. Askari anayepakua kipindi cha redio akakisikiliza lindoni amepumzika, atambue kwamba kipindi hicho kilimfikia kwa mlisho.

Sasa turudi kwa wale wasikilizaji wa Caversham. Kazi iliyohitaji mamia ya watu wenye visikilizio ilianza kufanywa, kwa upande wa maandishi, na mashine chache. Mfano ninaoupenda ni ule wa kituo cha utafiti cha Jumuiya ya Ulaya kilichoko Ispra, Italia. Tangu mwaka 2002 kituo hicho kimekuwa na mtambo unaozungukia maelfu ya tovuti za habari, na milisho ikiwa mojawapo ya njia zake, ukizipanga habari kwa mada na kupiga kengele pale habari za jambo moja zinapoongezeka ghafla kupita kawaida. Sehemu moja ya mtambo huo hufuatilia dalili za magonjwa ya kuambukiza. Mwaka 2011 watafiti wa Ispra walichapisha makala kueleza jinsi walivyoufundisha mtambo kusoma Kiswahili. Lugha ambayo majeshi yetu yamepeana amri kwayo tangu enzi za K.A.R. ikawa inasomwa na mashine huko Italia, saa 24 kwa siku. Hali kadhalika, mfumo wa tahadhari za maafa ulioanzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Ulaya hutoa mlisho wa matetemeko, vimbunga na mafuriko, na ofisi yoyote ya maafa, iwe ya taifa kubwa au ya wilaya, inaweza kuufuata bila kulipa.

Adui aliyeudhoofisha mlisho hakuja kwa nguvu, alikuja kwa urafiki. Septemba 2006 Facebook ilianza kumpangia kila mtumiaji orodha moja ya mambo mapya. Kazi ya kuandika orodha ikawa inafanywa kwa niaba ya watumiaji. Lakini katika orodha ya namna hiyo, jinsi miaka ilivyokwenda, saa ilikoma kuwa kanuni ya kupanga. Habari ya juzi yaweza kukaa juu ya habari ya sasa hivi kwa sababu imewakasirisha watu wengi zaidi, nayo yaweza kufika imenukuliwa na mtu aliyemnukuu mtu, jina la mwenyewe likiwa limepotea njiani. Ndiyo yaleyale ya jikoni na lindoni tuliyoanza nayo.

Pigo jingine lilitoka ndani. Oktoba 2005 Google ilifungua huduma yake ya kusomea milisho, ya bure na nzuri kweli, hata washindani wengi wakafunga milango. Tarehe 13 Machi 2013 kampuni hiyo ikatangaza kwamba huduma itakomeshwa, na tarehe 1 Julai ikakomeshwa. Huduma nyingine, Feedly, ilisema ilipokea watu zaidi ya 500,000 waliohama katika saa 48 za kwanza baada ya tangazo. Magazeti mengi yaliandika kwamba mlisho umekufa, na Desemba 2018 hata Firefox ikaondoa chombo chake cha kuusomea. Walioandika hivyo walichanganya bomba na maji. Kwa kuwa mlisho ni kanuni isiyo na mmiliki, kufungwa kwa duka moja hakukufuta hata faili moja katika tovuti za magazeti. Waliokuwa wametoa nakala ya orodha zao, jambo linalofanyika kwa faili moja dogo, waliipeleka katika programu nyingine na kuendelea kusoma jioni ileile.

Hapa nchini tumepata somo letu wenyewe. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kutozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mtumiaji wa Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao ya jamii hiyo, nayo ilidumu mpaka katikati ya mwaka 2021, ilipoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya asilimia 12 juu ya data. Katika miaka hiyo mitatu, askari aliyefuata magazeti kwa mlisho hakudaiwa shilingi hizo 200, kwa sababu tovuti za magazeti hazikuwamo katika kodi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa, na milisho ikanyamaza pamoja na vingine vyote, redio iliendelea. Kwa hiyo tusimwambie mtu kwamba mlisho ni mbadala wa redio yake ya betri.

Wala mlisho hauthibitishi ukweli. Tovuti ya mwongo ina mlisho safi kama ya mkweli, wenye saa na namba kamili. Tofauti ni kwamba mwongo huyo ana anwani, na uongo wake una saa. Afisa anayesimamia dawati la habari katika kituo anaweza kuweka milisho ya magazeti mawili yanayopingana, idhaa ya Kiswahili ya B.B.C., ile ya Radio France Internationale, na Habari za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili, ambazo zote hutoa milisho. Ujumbe wa simu ukiingia ukidai jambo, atatazama ni yupi kati ya hao ameshalisema na tangu lini. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Kwa vijana wetu waliotumwa Somalia, ambako kikosi cha kwanza cha Uganda kilifika Machi 2007, faida nyingine ni uzito: vichwa vya habari vya gazeti zima katika mlisho huwa ni kilobaiti chache, na mtandao dhaifu wa kambini huvibeba pale ambapo ukurasa wenye picha umekwama.

Jambo la tahadhari ni hili. Programu za kusomea ni za namna mbili. Kuna zinazokaa katika kompyuta yako mwenyewe, na kuna zinazotunza orodha yako katika mitambo ya kampuni nchi za nje. Za pili ni rahisi, maana orodha hukufuata kutoka simu hadi kompyuta. Lakini orodha ya milisho inayofuatwa na ofisi ya jeshi au ya upelelezi humwambia anayeitazama ni wilaya gani, ni chama gani na ni mpaka gani unaowashughulisha wenye ofisi hiyo wiki hii. Kwa kazi ya ofisi yafaa kutumika programu ya namna ya kwanza, na orodha itunzwe katika kabati lilelile zinamotunzwa karatasi nyingine za zamu.